Kazi ya Mlezi: Mkulima

Ndugu msomaji, kabla sijakueleza habari za safari, kwanza nikiri uongo.

Mwaka 2013, nilipoanza kidato cha kwanza, tuligawiwa fomu za kujaza. Palikuwa na mstari umeandikwa "Kazi ya mzazi au mlezi". Jirani yangu wa kulia aliandika "mhasibu". Wa kushoto akaandika "dereva". Mimi nikatazama dari, halafu nikaandika "mkulima". Kumbe mlezi wangu ni bibi mzaa mama, na shughuli iliyonilipia ada ni kupika mbege. Nilijua wenzangu wangecheka. Mpika pombe! Jioni nikampelekea bibi fomu atie saini. Nilikuwa nimeikunja, nikamwonyesha mstari wa saini tu.

Ada katika sekondari za serikali, kidato cha kwanza hadi cha nne, ilifutwa mwaka 2016. Miaka yangu mitatu kabla ya hapo ilitoka kwenye pipa la bibi, pamoja na daftari, viatu na sabuni.

Nilipomaliza kidato cha nne nikateremkia Dar es Salaam kutafuta maisha. Mchana nafanya vibarua, usiku naandika riwaya. Sura ya kwanza ilikuwa tayari, nami nilikuwa najivunia. Ndani yake kuna kikongwe mpika pombe, mlevi, hajali wajukuu. Jioni anapika, usiku ule ule anauza, watu wanapigana visu. Nilimsomea rafiki yangu mmoja, mzaliwa wa Kariakoo. Akasema, "Kali sana, kaka. Lakini mimi hiyo pombe yenu sijawahi kuionja. Nipeleke huko nikaione, na huo mlima niuone."

Basi mwezi wa saba mwaka jana tukaondoka alfajiri kwenye stendi ya Mbezi. Himo tulifika jioni, tukabadili gari mpaka Marangu Mtoni, kisha miguu. Mlima wenyewe, mita 5,895 zote, ulikuwa umejifunika mawingu. Julai huko ni baridi na ukungu. Mwenzangu akawa analalamika, mara ghafla akanyamaza. Tulikuwa tumeingia vihambani.

Kwa asiyejua, kihamba ni shamba na ni nyumbani pia. Juu kabisa kuna miti mikubwa kama mringaringa. Chini yake migomba, chini ya migomba mibuni, na chini ya mibuni magimbi na mboga. Ng'ombe yumo bandani; anakula majani na mashina ya migomba, na samadi yake inairudia migomba hiyo hiyo. Pembeni unasikia maji ya mfongo, mifereji ambayo wazee waliichimba kuyatoa maji mtoni na kuyaleta mashambani. Mwenzangu alisimama akasikiliza. "Hapa hakuna hata honi," akasema.

"Shikamoo bibi!"

"Marahaba wajukuu zangu. Karibuni. Mmekuja siku nzuri, leo nachemsha."

Nilitegemea atupe mbege papo hapo. La hasha! Mbege haipatikani hivyo. Nimekua nayo, lakini nilikuwa mtoto wa kutumwa kuni na maji; sikuwahi kuifuatilia tangu mwanzo hadi mwisho. Safari hii tulikaa zaidi ya juma zima, na bibi hakutuacha tukae bure.

Ndizi zilikuwa zimeshaivishwa darini, juu ya moshi wa jiko. Tulimenya mpaka vidole vikawa vyeusi. Zikaingia kwenye sufuria kubwa, zikachemka kwa saa nyingi huku tukizikoroga kwa zamu, mpaka zikageuka rangi kuwa nyekundu ya kahawia. Zikapoa, zikamiminwa pipani, zikafunikwa. Siku ya kwanza kimya. Siku ya tatu, ukitega sikio, pipa linasema lenyewe, povu linapanda. Mwenzangu alikuwa akilitembelea kila asubuhi kama mgonjwa hospitali.

Ulezi nao ulikuwa na safari yake. Ulikuwa umelowekwa, ukaachwa uote, ukaanikwa juani, ukasagwa. Huo ndio kimea. Bibi aliupika uji mzito, akauacha upoe. Ndizi zikachujwa, maji yake yakachanganywa na uji, na mwisho akatia unga wa magome ya msesewe, mti mchungu kweli kweli. Hapo hakutumia kipimo chochote ila kiganja chake. "Ukipunguza, mbege haina nguvu," alisema. "Ukizidisha, umewaumiza watu." Ikalala usiku mmoja. Kesho yake ikawa tayari.

Wa kwanza kunywa alikuwa mwenyewe. Kwa desturi mwenye pombe huonja mbele ya wageni, waone kuwa haina ubaya. Kisha kata ikaenda kwa wazee, ndipo ikatufikia sisi. Ni nzito, ina chachu, utamu wa ndizi unatangulia na uchungu wa msesewe unafuata. Chenga za ulezi zinabaki kwenye ulimi. Mwenzangu alifuta mdomo akasema, "Mbona hii ni chakula!" Wazee wakacheka. Akaanza kumsifu bibi, naye akamkata: "Acha, mjukuu wangu. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji."

Ilipofika jioni pipa lilikuwa karibu tupu. Lazima liishe, maana mbege haikai. Siku moja mbili inakuwa siki. Huwezi kuificha ukingoje bei ipande. Nilimwona bibi akihesabu fedha chini ya taa: za ulezi kando, za kuni kando, na kilichobaki kidogo akakifunga kwenye kanga.

Ndipo nikaelewa jambo ambalo miaka yote nilipita juu yake. Kahawa, iliyopandwa na wamisionari wa Kikatoliki kule Kilema mwaka 1898, ilikuwa fedha ya wanaume. Ndizi zilikuwa za wanawake. Bei ya kahawa ilipoporomoka baada ya mkataba wa kimataifa kuvunjika mwaka 1989, nyumba nyingi zilishikiliwa na hizo ndizi za akina mama. Kwetu zilishikilia mpaka nikavaa sare ya shule.

Usiku ule bibi akaniambia, "Nasikia unaandika kitabu. Nisomee."

Nilimtazama mwenzangu, akainamisha kichwa. Nikatoa daftari. Nilisoma nikiruka mistari, lakini nitaruka mangapi? Yule kikongwe alikuwa kila mahali. Nilipomaliza, bibi alikaa kimya akichokoa moto.

"Huyo mama wa kwenye kitabu chako," akauliza, "amelewa saa zote. Sasa mapipa yake nani anayaosha?"

Sikuwa na jibu.

"Na hiyo pombe ya jioni moja, ni pombe gani? Maana mbege siyo."

Sikuwa na jibu pia. Nikaona heri nimalize yote. Nikamweleza habari ya fomu ya mwaka 2013, kwamba niliona haya, nikaandika mkulima.

"Niliiona," akasema.

"Si niliikunja, bibi?"

"Uliikunja. Unadhani mtu anatia saini karatasi asiyoifungua? Ulipokwenda kuteka maji niliifungua nikasoma."

"Mbona hukusema kitu?"

"Ningesema nini? Mgomba unapandwa na nani?" Akacheka kidogo, kisha akaacha kucheka. "Lakini iliniuma. Siku ile nilikuwa nimechemsha tangu alfajiri, kwa ajili ya viatu vyako."

Sitaki kukudanganya, ndugu msomaji, kwamba pombe haina madhara. Pale pale kijijini nimewaona vijana wa rika langu walioharibiwa na viroba kabla havijapigwa marufuku mwaka 2017, na wapo wanaomaliziwa na gongo. Bibi mwenyewe humwambia mtu "wewe leo basi", naye akaondoka akinung'unika. Hayo nayo nitayaandika. Ila nitayaandika kama nilivyoyaona.

Wenzangu mnaoandika usiku kwa mwanga wa simu, kama mlezi wako yumo kwenye hadithi yako, msomee yeye kwanza kabla hujamsomea mhariri. Utaona haya, lakini atakusahihisha bure.

Nilirudi Dar na malengelenge kiganjani kwa ajili ya mwiko. Sura ya kwanza nimeichana. Naandika nyingine. Ndizi zimeshachemka, pipa limefunikwa, na mpaka leo sijafika siku ya kunywa.