Bia Yangu ya Kwanza Ilikuwa na Ladha ya Soksi

Wasee, wacha nikubali tu. Bia yangu ya kwanza ilikuwa na ladha ya soksi za PE.

Nilinunua seti ya kutengenezea bia nyumbani: mkebe wa kimea kizito kama molasi, hamira kidogo, ndoo na karatasi ya maelekezo. Karatasi ilisema ongeza kilo moja ya sukari, siku saba uko na bia. Ndoo nikaiosha na sabuni ya unga, nikaiweka karibu na jiko ndio ichachuke haraka. Siku ya sita nikajaza chupa. Usiku mbili zikalipuka, mathe akadhani ni wezi wameingia plot.

Iliyobaki nikampelekea guka. Guka ametengeneza muratina ya ruracio nusu ya hii Makutano. Alinusa, akaiweka chini. Hakuonja.

"Ndoo uliosha na nini? Uliipa siku ngapi? Na ni nini ilikuwa inakukimbiza?"

Hilo la tatu lilinichoma. Nilikuwa nimeshapost kwamba nitauza chupa 200 bob, na watu wanane walikuwa wametuma pesa.

Raundi ya pili nilienda polepole. Ndoo na chupa nikaziosha bila sabuni ya harufu, kisha dawa ya kuua viini. Maji nikachemsha, nikaacha yapoe. Sukari nikaitoa, nikaweka mkebe wa pili wa kimea, maana sukari nyingi hufanya bia iwe nyepesi kama maji. Ndoo ikakaa sakafuni kwenye baridi, nyuzi 18 hadi 20, kwa sababu hamira ikipata joto sana hutoa ladha mbaya. Nikangoja wiki tatu. Sikufunga chupa mpaka hidromita iliposoma namba ileile siku mbili mfululizo. Hamira ikiwa haijamaliza sukari, inaendelea kutoa gesi ndani ya chupa, na hapo ndipo mathe anaamka.

Lakini kuna kitu seti haikuniambia. Februari 2024, kule Kangai, Kirinyaga, si mbali na hapa, watu zaidi ya kumi walikufa kwa pombe yenye sumu. Methanoli haina rangi, na huwezi kuitambua kwa kuonja. Bia ya kimea ikichachuka vizuri haikuletei hiyo shida. Shida huja mtu akitafuta njia ya mkato, akiongeza kemikali ndio ishike haraka. Ndio maana guka hakuonja. Hakuwa ananidharau. Alikuwa ameona nina haraka.

Nilirudisha pesa za wote wanane. Kuuza bila leseni ni kosa, sheria iko tangu 2010, lakini si hiyo ilinisimamisha. Sikutaka mtu anywe kitu changu kwa imani ambayo sijaifanyia kazi.

Guka alikunywa ya pili, nusu glasi. Akasema, "Hii imengojewa."

Kama hujafika 18, hii si yako. Na wewe mwenye umefika, kabla hujamwagia mtu, jiulize lile swali la tatu.