Baba, Nyumbu Wako Wapi?

Je, umewahi kutoka Nairobi asubuhi na mapema ukaifuata barabara ya Namanga? Majuzi niliwapakia watoto wangu garini twende tukaione ploti yangu karibu na Isinya, kisha tuteremke hadi Kajiado. Niliwaahidi kwamba tukiipita Kitengela wangeona nyumbu bila kulipa hata senti moja.

Sikuahidi ovyo. Mwaka 1994, nikiwa mwanafunzi, nilipita hapo kwa basi. Nyumbu na punda milia walikuwa wametapakaa uwandani, na Vilima vya Ngong vikionekana kwa mbali mkono wa kulia.

Safari hii vilima tuliviona. Mengine yalikuwa maduka ya saruji na mabati, mabango ya kuuza ploti, na seng'enge.

"Baba, nyumbu wako wapi?" akauliza kifungua mimba.

Nikamweleza. Mbuga ya Nairobi, iliyoanzishwa mwaka 1946, ina kilomita 117 za mraba tu. Ina ua pande tatu. Upande wa kusini uliachwa wazi. Mvua iliponyesha, wanyama walitoka wakaenda nyanda za Kitengela kula nyasi fupi na kuzaa. Kiangazi walirudi mbugani kufuata maji. Sasa njia zao zimezibwa. Mwaka 2000 ulianza mpango wa kuwalipa wenye mashamba dola 4 kwa ekari kila mwaka ili wasiuze wala wasizungushe ua. Lakini dola 4 zingeshindanaje na bei ya ploti?

"Na ua huu umewekwa na nani?" akadakia kitinda mimba.

Hapo, msomaji, ulimi ulinikwama. Tulikuwa tumefika kwenye lango langu. Futi hamsini kwa mia, nguzo na seng'enge nilizolipia mwenyewe ili watoto hawa wapate pa kuita kwao.

"Na mimi pia," nikamjibu.

Mbele ya Isinya, kwenye shamba lisilo na ua, tuliona swala wanane wakilisha kando ya ng'ombe wa Mmaasai mmoja. Watoto walishangilia mpaka nikasimamisha gari.

Ua wangu ungali umesimama. Wapeleke wanao mapema, msomaji. Na kabla ya kununua ploti, uliza bei, uliza hati, kisha uliza ilikuwa njia ya nani. Mimi sikuuliza.