Usiposikia Kiingereza, Omba Urudiwe

Kuuliza si ujinga, walisema wahenga. Hata hivyo, wengi wetu hapa mjini tuko radhi kuitikia "yes" kwa jambo tusilolisikia kuliko kumwomba anayetusemesha Kiingereza arudie. Twaogopa kuonekana hatukusoma.

Jioni moja mpwa wangu alinijia akiwa amenyong'onyea. Alikuwa ametoka kuhojiwa kazi katika ofisi moja ya Nairobi. Bibi aliyemhoji aliuliza swali kwa sauti ya chini, kijana naye akadakiza, "What?" Bibi akamtazama juu ya miwani, na tangu hapo mahojiano yakapoa.

"Mjomba," akaniuliza, "kwani 'what' ni tusi?"

Nilimjibu kwamba si tusi, ila kila neno lina mahali pake. Kwani hata katika Kiswahili, mtoto mwenye adabu akiitwa na nyanyake hajibu "Nini?" bali "Naam" au "Abee". Akiwa uwanjani na wenzake, "Ati?" yatosha. Kiingereza nacho kina ngazi zake.

Kwa ndugu na marafiki, "What?" au "Come again?" si neno. Kwa mwalimu, daktari au mwajiri, sema "Pardon?" au "Sorry, could you repeat that, please?" Ipo pia "I beg your pardon?" yenye heshima zaidi, lakini chunga sauti. Ikipanda mwishoni, unaomba kurudiwa. Ikishuka kwa ukali, unamwambia mwenzako amekukosea.

La kuchekesha ni kwamba wenye lugha yao wenyewe hawakupatana. Mwaka wa 1954 msomi Mwingereza, Alan Ross, aliandika jinsi matabaka ya kwao yalivyotambulikana kwa maneno. "Pardon", ambalo sisi tulifunzwa shuleni kuwa ndiyo adabu yenyewe, halikuwa neno la makabaila. Wao wasiposikia walisema "What?" tu! Nilimwonya mpwa wangu asiwaige mbele ya mwajiri wa Nairobi. Ukienda kwa wenye chongo, fumba lako jicho.

Isitoshe, si lazima kurudishiwa maneno yote. Uliza kile kilichokupita pekee. "Fifteen" na "fifty" hukaribiana mno masikioni. Mama anayeelezwa kipimo cha dawa ya mtoto asione haya kusema, "Sorry, did you say fifteen or fifty?" Hapo muuguzi atajua kuwa mama yuko makini, na mtoto atanusurika. Vivyo hivyo "thirteenth" na "thirtieth" katika tarehe ya kurudi kliniki.

Marubani na waongozaji wa ndege huambiana "Say again" bila kuona haya, kwa kuwa uhai wa abiria umo katika neno moja. Ikiwa wao hawajivungi, sisi tunajivunga kwa nini?

Nasi wazazi tuna wajibu. Mtoto anayekemewa nyumbani kila anapouliza "Umesemaje?" hujifunza kutikisa kichwa tu. Atakitikisa darasani, atakitikisa hospitalini, na siku moja atakitikisa mbele ya karatasi ya mkopo ambayo hakuielewa. Akikuuliza, mrudie kwa upole, kisha umfunze kuuliza kwa adabu.