Wafu wa Impala, Wafu wa Norfolk

Nje ya mji wa Kolwezi, nchini Congo, mto Lualaba unabanwa na korongo la Nzilo. Hapo kampuni ya Union Minière ilijenga bwawa miaka ya 1950, ikalipa jina la Delcommune, Mbelgiji aliyefika Katanga na msafara wake mwaka 1891. Umeme wa bwawa hilo ukaenda migodini. Ukiuliza huku habari za mizimu, utaanza kusimuliwa za majini: mamba-muntu, mwanamke mwenye mkia wa samaki, ambaye humpa mtu utajiri kwa masharti mazito. Miaka ya 1970 wachoraji wa Katanga walimchora sana, na picha yake ikatundikwa katika sebule nyingi za mijini.

Hadithi nyingine za mjini zina giza zaidi. Enzi za ukoloni watu walionyana juu ya batumbula, waliosemekana kuwinda Waafrika usiku kwa niaba ya Wazungu, wakiwapumbaza kwa mwanga wa taa, kuwageuza nguruwe, kuwanenepesha, kisha kuwachinja. Mimi hadithi hiyo siicheki. Aliyeona vijana wa kijiji chake wakisombwa kwenda migodini na wengine wasirudi alikuwa na sababu ya kusema kwamba wako wanaokula watu.

Nilipouliza habari za mizimu ya hotelini, sikupewa mzimu wala kivuli cha ngazini. Nilipewa mwaka: 1978.

Tarehe 13 Mei mwaka huo wapiganaji wa FNLC, kundi la waasi, waliotokea Angola kwa njia ya Zambia, waliuteka mji. Tarehe 19, askari wa miavuli wa Jeshi la Kigeni la Ufaransa, chini ya Kanali Philippe Erulin, waliruka juu ya Kolwezi. Shabaha zao za kwanza zilikuwa shule ya Jean XXIII, hospitali na Hoteli Impala. Hoteli ya wageni ikawa alama kwenye ramani ya vita. Washauri sita wa kijeshi wa Kifaransa waliokuwa mjini walipotea. Katika mtaa wa P2 Wazungu kadhaa waliuawa ndani ya chumba kimoja, na mabishano juu ya nani hasa aliwapiga risasi hayajakwisha. Wazungu waliokufa mjini walizidi mia. Waafrika wanatajwa kwa neno moja tu: mamia.

Neno hilo lilinikaa moyoni, kwa sababu wafu wasiotajwa kwa majina nilikwisha kuwakuta Nairobi.

Hoteli ya Norfolk ilifunguliwa siku ya Krismasi mwaka 1904. Hadithi inayopendwa kusimuliwa pale ni ya wawindaji, na ya Theodore Roosevelt aliyepita mwaka 1909 akielekea kuua simba na tembo. Bomu la usiku wa 31 Desemba 1980, lililoua watu wapatao 20, linatajwa kwa ufupi. Machi 1922 hutajwa mara chache zaidi. Umati ulikusanyika kudai mwanasiasa Harry Thuku aachiwe kutoka kituo cha polisi jirani na hoteli. Mwanamke mmoja, Mary Muthoni Nyanjiru, akawachochea wanaume, risasi zikaanza, na inasimuliwa kuwa walowezi waliokuwa kwenye veranda ya Norfolk walijiunga kufyatua. Serikali ilitangaza wafu 21. Wengine walihesabu zaidi ya mara mbili ya hapo.

Kwa hiyo ninaziweka hoteli hizi mbili pamoja, ingawa moja ni ya kifahari na nyingine ilikuwa ya mji wa shaba. Roosevelt ana mahali pake katika historia ya Norfolk. Nyanjiru aliuawa hatua chache kutoka veranda hiyo, naye anakumbukwa kwingine, katika midomo ya wanawake wa Kikuyu. Kolwezi ni vilevile: askari watano wa Jeshi la Kigeni waliokufa wanajulikana kwa majina na vyeo, lakini mama aliyepigwa risasi katika mtaa wa Manika akitafuta unga yumo ndani ya yale mamia.

Aliyekuwa na miaka 20 mwaka 1978 sasa anakaribia 70. Parokia zina daftari za maziko, kampuni ya migodi ya Gécamines ilikuwa na orodha za wafanyakazi, na familia za Manika na Dilala zinajua nani hakurudi nyumbani siku zile. Natamani mwalimu mmoja na wanafunzi wake wapite nyumba kwa nyumba na kalamu, wakianzia mitaa iliyo karibu na Impala, waandike majina wakati bado kuna wa kuyataja.