Akufukuzaye Akikuambia Toka

Buibui ninayemzungumzia ana majina matatu, na hakuna hata moja alilojichagulia. La kisayansi ni *Pterinochilus murinus*, alilopewa na Mwingereza Reginald Innes Pocock mwaka 1897. Hilo *murinus* lina maana ya kufanana na panya, ilhali huyu wangu ana rangi ya embe dodo lililoiva. La pili ni la utani, herufi tatu za Kiingereza ambazo ukizifasiri zinasema: kitu cha rangi ya chungwa kinachong'ata. La tatu ni la madukani: Usambara. Hilo la tatu ndilo lililonisimamisha.

Nimekulia Mombo, chini ya milima, pale barabara ya Lushoto inapoanza kupanda. Nilipokuja Leipzig kusoma shahada ya uzamili nikakuta Wajerumani wana vitu viwili vya kufuga au kupanda vyenye jina la milima yetu. Cha kwanza ni ua dogo la zambarau, Usambaraveilchen, ambalo afisa wa kikoloni Walter von Saint Paul-Illaire alituma mbegu zake Ujerumani mwanzoni mwa miaka ya 1890, na leo linakaa kwenye madirisha ya mabibi. Cha pili kilikuwa ndani ya boksi angavu kwenye rafu ya mwenzangu wa nyumba. "Huyu ametoka kwenu," aliniambia, kama mtu anayenitambulisha kwa shemeji. Alipopata kazi Ureno, ua alimpa jirani wa chini, buibui akaniachia mimi. Huu ni mwaka wa pili.

Tangu hapo naulizwa swali moja, na wanafunzi wenzangu wa hapa na vijana wa Dar na Nairobi walioona video za tarantula akitembea kiganjani mwa mtu: je, naweza kuanza na huyu?

Jibu langu ni usianze naye. Anza na *Tliltocatl albopilosus* wa Amerika ya Kati, au *Brachypelma hamorii* wa Mexico mwenye magoti mekundu. Hao ni wazito, wanatembea kama wenye mashamba yao, na wakikerwa mara nyingi hukugeuzia mgongo na kukurushia vinyweleo vya tumboni vinavyowasha. Inakera, lakini inapita. Tarantula wa Afrika na Asia hawana vinyweleo hivyo. Walichonacho ni mbio, chonge, na sumu yenye maumivu makali kuliko ya wenzao wa Amerika. Wa kwetu ana vyote vitatu kwa wingi. Anaweza kuwa mbele ya macho yako, ukapepesa, akawa upande wa pili wa boksi.

Najua pia kwamba wako watakaosoma aya hiyo na bado wamchukue, kwa sababu ya rangi ile. Nawaandikia hao, na waliokwisha kuwa naye.

Jambo la kwanza ni kuelewa neno "mkali". Mwaka huu wa pili sijamwona akimfuata mtu. Nilichokiona ni ngazi, na kila mara huipanda kwa mpangilio uleule. Ukimsogelea, kwanza hukimbilia shimoni. Ukiziba njia ya shimo, huinua miguu ya mbele na kuonyesha chonge zake. Ukiendelea, hupiga chini kwa miguu hiyo, na wapo wanaotoa sauti ya kukwaruza kwa kusugua vinywele vya karibu na mdomo. Kung'ata ni ngazi ya juu kabisa, ingawa akishtuliwa ghafla anaweza kuzipanda zote kwa sekunde moja. Wahenga walisema akufukuzaye hakuambii toka. Buibui huyu anakuambia, tena mara tatu. Kazi ya mfugaji ni kusikia mara ya kwanza.

Kwa hiyo ushauri wangu mwingi hauhusu ujasiri. Unahusu nyumba.

Mpe udongo mkavu wa kina, angalau sentimita kumi na tano kwa mkubwa, na kipande cha gome la mti kilichoegeshwa ili apate mahali pa kuanzia shimo. Atafuma utando mzito kuanzia ndani ya gome hadi kwenye kuta. Usiufagie hata kama unaficha sura yake. Ule ndio ukuta wake na ndio kengele yake. Akiwa na shimo lenye mlango, atakimbilia humo badala ya kukimbilia mkononi mwako. Boksi tupu lenye udongo kiduchu, ambalo wauzaji hulipenda kwa sababu buibui anaonekana wakati wote, ndilo linalomtengeneza yule buibui kichaa wa kwenye video. Hana pa kwenda, ndiyo maana amesimama na miguu juu.

Usimwagilie kila siku ukidhani Afrika yote ni msitu. Anatoka sehemu kavu; kibakuli cha maji kinamtosha. Joto la chumba unachokaa wewe bila kutetemeka linamfaa. Mkubwa hula mara moja kwa wiki, au hata kwa wiki mbili: nyenje au mende. Mende hao hapa huuzwa dukani wakiwa hai ndani ya kopo. Nilipomsimulia mama kwa simu, alinyamaza mpaka nikadhani mtandao umekatika.

"Mwanangu, mende unanunua?"

"Nanunua, mama."

"Kwa pesa?"

Akikataa chakula kwa wiki kadhaa, usihangaike. Huenda anajiandaa kujivua gamba. Siku hiyo anaweza kulala chali kama maiti. Usimguse, usimgeuze, na mtoe nyenje aliyebaki ndani, maana buibui aliyetoka kujivua ni laini na nyenje anaweza kumtafuna. Mpe siku kumi au zaidi chonge zikauke ndipo umlishe.

Sasa kufungua mfuniko. Kabla ya kuugusa, hakikisha unajua alipo. Usipomwona, chukulia kuwa amekaa chini ya mfuniko. Tumia kibano kirefu, si vidole, kuondoa mabaki ya chakula. Usimpulizie pumzi, upepo wa mdomo humshtua kuliko mguso wa brashi. Weka karibu kopo la plastiki angavu na kipande cha kadibodi. Fanya kazi hiyo mchana, akiwa shimoni, wala si usiku saa zake za kutembea.

Kumhamisha ndiyo siku inayoogopwa. Nimefanya mara moja, kwenye bafu, nikiwa nimeziba tundu la maji kwa kizibo na uwazi wa chini ya mlango kwa taulo. Niliweka boksi la zamani ndani ya beseni la kuogea, jipya likiwa kando yake, nikatoa mfuniko, nikamgusa mguu wa nyuma kwa brashi laini. Alitoka. Alizunguka beseni lile jeupe mara tatu, mbio ambazo jicho huziona kama mstari, halafu akasimama kwenye kona. Sikufanya kitu. Nilikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa nikihesabu pumzi zangu. Baada ya dakika kama kumi miguu yake ililegea, nikamfunika kwa kopo, nikapitisha kadibodi chini yake, nikambeba hadi nyumba mpya na kuelekeza mdomo wa kopo kwenye tundu la gome. Aliingia mwenyewe. Ukiniuliza mbinu ni ipi, ni zile dakika kumi. Huwezi kumshinda mbio. Unachoweza ni kuweka ukuta kuzunguka mbio zake na kusubiri ziishe.

Akikupandia mkono, usiukung'ute. Ushushe karibu na sakafu na utulie. Tarantula hunyoosha miguu yake kwa shinikizo la maji ya mwilini, hivyo akianguka na tumbo likapasuka, hata kutoka kimo cha meza, anaweza kufa. Katika dakika hiyo nyote wawili mna cha kupoteza.

Akikung'ata, osha kwa maji na sabuni, vua pete kabla kidole hakijavimba, weka barafu iliyofungwa kwenye kitambaa. Usichanje, usifyonze, usifunge kamba. Tegemea maumivu makali, uvimbe, na pengine misuli kukaza kwa saa au siku. Hakuna kifo cha binadamu kilichothibitishwa kutokana na sumu ya tarantula, lakini hiyo isikufanye ujitibu kwa kiburi: pumzi ikibana, moyo ukienda mbio au misuli ikikaza, nenda hospitali na utaje jina la kisayansi la buibui wako. Kama una mtoto mdogo, paka anayeruka kwenye rafu, au unakaa na mtu asiyelala akijua buibui yupo, subiri. Hofu ya mwenzako chini ya paa moja nayo ni jambo la kuheshimiwa.

Uliza pia alikotoka. Wa kwetu huzaliana kwa urahisi mikononi mwa wafugaji, na kifuko kimoja cha mayai hutoa watoto zaidi ya mia, kwa hiyo hakuna sababu ya kununua aliyechimbuliwa porini. Mwaka 2016 Tanzania ilisimamisha usafirishaji wa wanyamapori hai kwenda nje. Mwaka 2019 jamii nzima ya *Poecilotheria*, tarantula wa mitini wa India na Sri Lanka wenye mbio kama za huyu, iliingizwa kwenye Kiambatisho cha Pili cha mkataba wa CITES. Na kwa vijana wa Korogwe au Voi wanaoniuliza bei: mwacheni alipo. Aliyezaliwa kwenye boksi naye asiachiwe porini.

Nirudi kwa kile kiganja cha kwenye video. Naelewa kinavyovutia. Nyumbani dawa yetu ya buibui mkubwa ilikuwa moja, kandambili, na kijana aliyekulia hivyo anapoona mtu amembeba mkononi anadhani huo ndio mwisho wa woga. Lakini tarantula haonyeshi dalili ya kumtambua mfugaji wake wala ya kufurahia kubebwa. Anayefurahia ni anayerekodi. Jike anaweza kuishi zaidi ya miaka kumi, na katika miaka hiyo hutapata siku ambayo atakuja mlangoni kukupokea.

Mama aliliona hilo kabla yangu. "Unamlisha, unamsafishia, humgusi, na yeye hakujui," alisema. "Sasa unapata nini?"

Nilimjibu kwa kumweleza majira yangu ya kwanza ya baridi hapa. Lugha ilikuwa inanishinda. Nilipika usiku wa manane ili nisikute mtu jikoni, na nikisikia hatua kwenye korido nilizima taa. Mwenzangu wa nyumba hakunigongea mlango kuniuliza kwa nini sichangamki. Aliacha taa ya korido ikiwaka, na wakati mwingine mkate mezani. Machi nilipoanza kutoka mchana, alisema "habari za asubuhi" kama vile tulionana jana. Baadaye tu, nilipomwona akifungua lile boksi polepole na kurudisha mfuniko kwa sababu mguu mmoja ulikuwa umeinuka, nilielewa alikojifunza.

Mama alinisikiliza hadi mwisho. Kisha akauliza kama Mjerumani yule anakula makande, maana akija Tanzania atapitia Mombo.