Taa na Moshi wa Garimoshi Dogo

Ndugu msomaji, wewe uliye Tarime au Serengeti wajua kama nijuavyo mimi kwamba reli haijafika kwetu. Wazee wetu waliotaka kuona garimoshi walikwenda Kisumu, ambako reli ya kutoka Mombasa ilifika mwaka 1901, au Mwanza, ambako reli ya kutoka Tabora ilifika mwaka 1928. Watoto wetu wengi wamelijua kwa picha ya kitabuni tu. Kwa hiyo usinicheke nikikupa habari za garimoshi la kuchezea, lenye urefu wa shubiri moja.

Kichwa hicho cha treni, pamoja na reli zake za duara, kiliachwa parokiani na mgeni mmoja aliyerudi kwao Ulaya. Mimi ndimi karani, basi kikawekwa katika kabati langu. Kilikuwa kinakwenda, lakini taa yake ilikuwa imeungua, na dohani lake lilikuwa pambo tu.

Siku hizo dada yangu aliyeolewa upande wa Mugumu aliniletea mwanawe wa miaka 13, mwenye alama za fimbo miguuni. Kosa lake lilikuwa kufungua redio ya baba yake, na kabla ya redio, tochi. Baba alikuwa amekwisha kata shauri: shule basi, sasa akachunge ng'ombe. Mimi sikumgombeza mtoto wala sikumsifu. Nilimpa bisibisi nikamwambia, “Mjomba, fungua hiki. Lakini kila skrubu, andika ilikotoka.”

Tulitumia betri ya sola ya volti 12, maana gari hilo hutaka volti hizo hizo. Kabla ya yote tuliweka fyuzi ndogo. Nyaya za betri ya namna hiyo zikigusana, hupita mkondo mkubwa wa kuweza kuanzisha moto nyumbani. Kisha tukaanza na taa. Kitaa cheupe cha LED chataka volti 3 hivi tu. Kikipewa 12 bila kizuizi, hufa papo hapo. Nikamwuliza, “Zinabaki ngapi?” Akajibu, “Tisa.” Hizo 9 sharti zichukuliwe na rezista. Tukitaka mkondo wa ampea 0.009, twagawa 9 kwa 0.009, nasi twapata omu 1000. Mtoto huyo, ambaye daftari lake la hesabu lilijaa wino mwekundu, aligawa desimali hizo kwa kijiti mchangani mara tatu, hata akaridhika.

Taa ikawaka. Lakini gari liliporudi nyuma, ikazimika. Akataka kujua sababu. Nilimweleza kwamba LED hupitisha umeme upande mmoja tu, kama mlango wa mgono: samaki huingia, hatoki. Na gari likirudi nyuma, umeme nao hugeuka. Alinyamaza kitambo, kisha akasema, “Mjomba, tuweke ya pili kwa nyuma, tuigeuze.” Ndivyo tulivyofanya. Sasa likienda mbele huwaka ya mbele, likirudi huwaka ya nyuma, tena kila moja hukinga mwenzake na umeme wa kinyume.

Ukabaki moshi. Katika garimoshi la kweli, mvuke uliokwisha sukuma pistoni hutoka kwa nguvu dohanini ukivuta moshi wa moto pamoja nao. Ndiyo sababu ya ule mlio wake wa kupumua. Magari makubwa kabisa ya namna hiyo Afrika Mashariki yalikuwa yale ya daraja la 59, yaliyotengenezwa na Beyer, Peacock wa Manchester na kuanza kazi mwaka 1955 na 1956. Kila moja lilikuwa na uzito wa tani zaidi ya 250, nayo yaliitwa kwa majina ya milima. Moja lenye jina la mlima wa Tanzania, Mount Gelai, limehifadhiwa katika makumbusho ya reli Nairobi.

Katika gari dogo hamna moto. Dohanini hutiwa kikopo chembamba chenye waya unaopata joto umeme ukipita, na matone machache ya mafuta maalumu hugeuka moshi mweupe. Kikopo hicho niliagiza kwa rafiki. Masharti yake ni haya: kisikaukiwe, maana waya utaungua, kisijazwe mno, kisiguse plastiki, dirisha liwe wazi. Petroli na mafuta ya taa yasitiwe kamwe.

Siku ya soko shemeji yangu akaja kumchukua mwanawe. Alilitazama gari likizunguka, taa mbele, moshi juu. Hakutoa neno la sifa. Aliuliza tu, “Na redio yangu?” Mtoto akajibu, “Baba, waya wa spika umeachia pale ulipolehemiwa. Nipe jioni moja.” Akapewa. Redio ilipoanza kusema, shemeji aliniambia taratibu, “Basi, na amalize shule kwanza.”

Wazazi wenzangu, twapenda kusema samaki mkunje angali mbichi. Ni kweli, lakini kumkunja si kumvunja. Mtoto anayefungua vitu si lazima awe mharibifu. Pengine anauliza swali ambalo hakupata wa kumjibu. Mpe tochi mbovu na bisibisi, ukae karibu naye. Mkataze umeme wa ukutani, na mwambie betri haitupwi motoni. Tangu mwaka 2024 treni za umeme zinakwenda kati ya Dar es Salaam na Dodoma, wala hazitoi moshi. Zitahitaji mafundi miaka mingi, na fundi huanzia katika tochi mbovu ya nyumbani kwenu.