Perimi ya Kaa

Sisi tuliozaliwa kandokando ya ziwa, kati ya Kavimvira na Makobola, tulivua kaa mbele ya kujua kusoma. Unafunga utumbo wa samaki kwenye uzi, unaushusha katikati ya mawe, unangoja. Kaa akishika, humvuti mbio. Unamuinua polepole kama mtu anayebeba yai. Hatukuomba ruhusa kwa mtu. Ndivyo tulivyofikiri.

Mwaka 2008, kwa sikukuu ya waalimu ya tarehe 30 Aprili, tulikuwa waalimu kumi na mmoja wa sekondari. Tulitaka kwenda kwenye mawe ya kusini mwa Kalundu, tuwaonyeshe wenzetu waliotoka milimani mchezo wa utoto wetu. Mwalimu wa biolojia alikuwa na sababu yake: hawa kaa wakubwa, Platythelphusa, hawapatikani ziwa lingine lolote duniani, na makucha yao huvunja konokono, ndiyo maana konokono wa Tanganyika wana magamba mazito vile. Tulikuwa tukilifundisha jambo hilo ubaoni bila kaa hata mmoja mkononi.

Tukaambiwa: hata kwa kujifurahisha, lazima perimi. Wakubwa kati yetu walikasirika. "Ziwa ya babu zetu, tulipie?" Lakini amri ya uwindaji na uvuvi ni ya 1937, wakati wa Wabeleji, na mwaka 2003 Burundi, Kongo, Tanzania na Zambia zilitia sahihi Dar es Salaam mkataba wa kulilinda ziwa pamoja. Sisi wenyewe tuliufundisha katika somo la uraia. Tungefanyaje?

Kwenye biro, agenti alifungua kitabu.

"Munavua nini?"

"Kaa."

Akacheka mpaka akatoa miwani. "Kaa haiko mu kitabu. Nitawaandikia samaki."

Tukalipia ndoana kumi na moja, na ndoana hata moja hatukuwa nayo. Pesa zilitoka kwenye primu ya wazazi. Risiti ilikuwa ya nusu tu. Ile nusu nyingine hatukuiuliza, na jambo hilo linatusumbua mpaka leo, sisi tunaowaambia wanafunzi kila siku wadai haki yao.

Kule kwenye mawe tulimkuta mzee anashona wavu. Tukamuonyesha karatasi.

"Hiyo ni ya mjini. Hapa mumepita kwa nani?"

Tukanyamaza. Ndipo tukakumbuka mama zetu, waliokuwa wakipeleka chumvi ao kasiksi kidogo kwa mzee wa ufuko. Kumbe tulivua chini ya salamu zao! Tukaomba msamaha, tukamwachia chumvi tuliyobeba kwa chakula.

"Mwenye mayai chini ya tumbo, mumurudishe. Jiwe mukipindua, mulirudishe vile lilikuwa. Jua ikifika kichwani, mutoke."

La tatu hakulieleza. Mwaka 2024, ziwa lilipofungwa toka 15 Mei hadi 15 Agosti ili samaki wazae, watu wengi waliona ni jambo geni. Sisi tulikuwa tumekwisha kulisikia.

Siku ile tulipata kaa tisa. Aliye mkubwa kuliko wote alishikwa na mwalimu wa biolojia, aliyekuwa amemletea chupa ya maabara toka nyumbani. Akampindua tumbo, akatazama muda mrefu. Mayai. Mzee alikuwa mbali, haoni. Mwenzetu akaingia majini mpaka magotini, akamwachilia, kisha akatuita tuje kumsaidia kulirudisha lile jiwe.